Msuli wa milimita 6 uliomo sikioni mwako

Katika toleo hili sitaandika kuhusu bumu lililochelewa wala ratiba ya mitihani. Wapo watakaoandika hayo, na wataandika vizuri kuliko mimi. Mimi niko mwaka wa nne wa udaktari, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikishinda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Niliyoyaona pale yamenifanya nitake kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anatembea nacho na wengi wetu hatujui kama kipo: misuli miwili midogo iliyomo ndani ya sikio, pamoja na neva zinazoipa amri.

Tukisikia neno msuli, akili inakimbilia jimu na watu wa kunyanyua vyuma. Huu ninaouzungumzia hauonekani kwa kioo wala hauongezeki kwa mazoezi. Unaitwa stapediasi. Urefu wake ni kama milimita 6, na kati ya misuli yote iliyoshikana na mifupa mwilini, huo ndio mdogo kuliko yote. Lakini kwa kuangalia unavyoitika, au unavyoshindwa kuitika, daktari anaweza kupata fununu kama tatizo la mgonjwa liko kwenye njia ya kupitishia sauti, kwenye sikio la ndani, kwenye neva ya kusikia au kwenye neva ya uso. Na wewe usiyesoma udaktari, ukizijua dalili zake tatu nne tu, unaweza kuuokoa usikivu wako, hata na uso wako. Sitanii.

Sauti inapita wapi?

Tuanze na ramani. Sikio lina vyumba vitatu. Sikio la nje ni lile tunalolitoboa hereni, pamoja na tundu lake mpaka kwenye ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, ndilo sikio la kati. Humo mna mifupa mitatu iliyoshikana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Nyundo na fuawe ni zana za mhunzi, na kikuku ni kile anachokanyagia mpanda farasi; ukiona picha zake utakubali kwamba waliovipa majina hawakukosea. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, uzito wake ni kama miligramu 3. Bapa lake la chini limeziba kidirisha cha sikio la ndani, ambako kuna koklea, mrija uliojizungusha kama konokono na kujaa majimaji.

Kwa nini mifupa yote hiyo? Kwa sababu sauti ya hewani haipendi kuingia kwenye maji. Ukizama baharini, rafiki yako akakuita akiwa ufukweni, sehemu kubwa kabisa ya sauti yake inagonga uso wa maji na kurudi ilikotoka. Koklea ina majimaji, kwa hiyo sauti lazima iongezewe nguvu kabla haijafika hapo. Eneo la ngoma linalofanya kazi ni kubwa mara 17 hivi kuliko kile kidirisha. Nguvu iliyokusanywa kwenye eneo kubwa inabanwa kwenye eneo dogo, kama vile kisigino cha kiatu cha mchuchumio kinavyozama mchangani wakati mwenye kandambili anapita tu. Ongeza na mifupa inavyofanya kazi kama wenzo, shinikizo linapanda karibu mara 22.

Sasa mtambo unaokuza sauti kiasi hicho unahitaji breki, na breki zake ni misuli miwili. Wa kwanza unaitwa tensa timpani, umeshika nyundo. Unapata amri kutoka neva ya 5 ya fuvu, ileile inayoendesha misuli ya kutafuna. Ndiyo maana unakaza unapotafuna, na pia unaposhtuka ghafla. Wapo watu wanaoweza kuukaza kwa kutaka wenyewe, na wakifanya hivyo wanasikia mngurumo kama radi ya mbali. Wa pili ndio stapediasi yetu. Umeshika shingo ya kikuku, na unapata amri kutoka neva ya 7, yaani neva ya uso, ileile inayokuwezesha kutabasamu na kufumba macho.

Sikio likipokea sauti kubwa, kwa wengi wetu kati ya desibeli 70 na 100 kutegemea aina ya sauti, habari inasafiri kwa neva ya 8, neva ya kusikia, hadi kwenye shina la ubongo. Huko habari inakabidhiwa kwa neva ya uso, nayo inauamuru msuli ukaze. Kikuku kinavutwa pembeni kidogo, mnyororo wote unakakamaa, na sauti nzito zinapungua kabla hazijaingia ndani. Hili ni tendo lisilo la hiari, sawa na kope kufumba inzi akija jichoni. Wataalamu wanaliita refleksi. La ajabu zaidi, ukipiga sauti sikio la kulia peke yake, misuli ya masikio yote mawili inakaza. Na msuli huu huanza kukaza hata kabla hujafungua mdomo kuongea, ili sauti yako mwenyewe isikuzibe usisikie ya wenzako.

Mashine inayomuuliza msuli badala ya mgonjwa

Mwaka 1946, Otto Metz wa Denmark alichapisha utafiti wa kupima jinsi sikio linavyoikubali au kuikataa sauti. Msingi wake ni rahisi. Mnyororo wa mifupa ukiwa umelegea, ngoma inameza sauti kiasi fulani. Msuli ukikaza, mnyororo unakuwa mgumu na sauti nyingi zaidi inarudi nje. Ukipima kinachorudi, unajua kama msuli umekaza. Mpaka leo kipimo kinafanyika kwa msingi huohuo: kijiti chenye mpira laini kinaziba tundu la sikio, kinatoa mlio mzito unaoendelea, halafu kinapigwa mlio mkubwa wa muda mfupi na mashine inaangalia kama kuna mabadiliko.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mgonjwa hajibu chochote. Hakuna kusema "nasikia" wala "sisikii". Kwa hiyo kinafaa kwa mtoto mdogo, kwa mtu aliyechoka, na hata kwa anayetaka kudanganya ili apate cheti cha kuahirisha mtihani. (Naomba radhi kwa wahusika.)

Majibu yake yanasomwaje? Nitatoa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni sikio la kati lenye kasoro: majimaji nyuma ya ngoma, tundu kwenye ngoma, au ugonjwa wa otosklerosisi ambao mfupa mpya unakikaza kikuku kisicheze. Hapa msuli unaweza kuwa mzima kabisa, lakini unavuta mnyororo usiovutika. Ni sawa na kuvuta kengele iliyofungwa kwa kamba. Refleksi haionekani.

Mfano wa pili ni babu. Kila mtu ana babu wa namna hii. Unamwambia, "Babu, shikamoo," hasikii. Unaongeza, hasikii. Unaongeza tena kidogo tu, anakuja juu: "Mbona unanipigia kelele, kwani mimi kiziwi?" Nyumbani tunacheka na kusema babu ana visa. Babu hana visa. Ndani ya koklea yake zimekufa seli zenye vinyweleo, ambazo kazi yake ni kuzipokea sauti ndogo na kuzikuza. Sauti ndogo hazimfikii tena, lakini kubwa bado anazisikia kubwa vilevile, kwa hiyo nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" imekuwa finyu. Mashine inaliona hilo: msuli wake unaweza kukaza kwenye kiwango kilekile kama cha kijana, ingawa yeye anaanza kusikia juu sana. Dawa ya kumsemesha babu ni kumkaribia, kumtazama usoni na kutamka taratibu. Kupayuka hakumsaidii.

Mfano wa tatu ni neva ya kusikia yenyewe, kwa mfano ikikandamizwa na uvimbe unaoota juu yake. Hapo refleksi inakosekana, au inaanza vizuri kisha inachoka haraka: mlio unashikiliwa kwa sekunde 10, na kabla hazijaisha msuli umeshalegea zaidi ya nusu. Mtu mwenye usikivu uliopungua sikio moja tu, na refleksi inayochoka namna hii, haachwi aende nyumbani bila kupangiwa uchunguzi zaidi.

Mfano wa nne ni pale sauti inapofika vizuri, ubongo unatoa amri vizuri, lakini amri haifiki kwenye msuli kwa sababu neva ya uso imepooza. Huu ninauelezea kwa kirefu, maana uliingia hosteli kwetu.

Uso uliokwenda upande

Jirani yetu mmoja wa mwaka wa pili aliamka asubuhi, akaenda kupiga mswaki, maji yakawa yanamchuruzika upande mmoja wa mdomo. Akijiangalia kwenye kioo, uso umekwenda upande. Jicho la kulia halifumbi. Akicheka, kona moja tu ya mdomo ndiyo inayopanda. Korido nzima ikajaa madaktari. Mmoja akasema alilala dirisha wazi, ni upepo. Mwingine akasema hilo ni jini, atafutwe mtu wa kulisomea. Wa tatu akasema kiharusi, na ndiye aliyemtisha kuliko wote.

Kilichonivutia mimi ni kitu alichokisema pembeni, kama jambo dogo: "Kaka, halafu hili sikio la kulia sijui lina nini. Mtu akigonga sahani tu naona kama kanizaba kibao."

Ule ulikuwa msuli wa stapediasi ukiomba msaada. Neva ya uso ikitoka kwenye shina la ubongo inaingia kwenye mfereji mwembamba wa mfupa, inapita kwenye ukuta wa sikio la kati, inatoa kitawi cha kwenda kwenye stapediasi, kisha kitawi kingine cha kuchukua ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, ndipo inatokea nje chini ya sikio na kusambaa usoni. Ikivimba ndani ya ule mfereji haina pa kupanukia, inajibana yenyewe. Uso unalegea, na breki ya kikuku nayo inalegea. Sauti za kawaida zinaingia bila kupunguzwa. Huko sikio halijapata nguvu mpya ya kusikia, limepoteza mlinzi wake. Na ndiyo maana ukimuuliza mtu wa namna hii, mara nyingi atakwambia chakula nacho hakina ladha upande mmoja wa ulimi.

Hali hii inaitwa kupooza kwa Bell, kutokana na Charles Bell, daktari wa upasuaji wa Uskoti aliyeieleza neva ya uso mwaka 1821. Tofauti yake na kiharusi unaweza kuiona kwenye paji la uso. Mwambie mtu ainue nyusi. Kwenye kupooza kwa Bell, paji la upande ule halikunjiki kabisa, kwa sababu neva yenyewe ndiyo iliyobanwa. Kwenye kiharusi kwa kawaida paji linakunjika, kwa sababu sehemu hiyo inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Lakini jamani, hiki si kipimo cha kubakia nacho bwenini. Uso ukienda upande, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama mkono au mguu nao umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, usisubiri hata dakika.

Haraka hii ina sababu. Watu 7 hivi kati ya 10 wenye kupooza kwa Bell hupona kabisa hata bila dawa, lakini dawa ya kupunguza uvimbe wa neva inaongeza idadi ya wanaopona, na inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Siku tatu za kuzunguka kwa waganga ndizo siku tatu za dawa. Pia daktari ana mambo mengine ya kuangalia: mkanda wa jeshi unaoweza kutoa malengelenge sikioni na kuharibu kusikia pamoja na uso, maambukizi ya VVU, na ugonjwa wa sikio lenyewe. Halafu kuna jicho. Jicho lisilofumba linakauka, na likikauka linapata kidonda. Linahitaji dawa ya kulilainisha na kufunikwa vizuri usiku.

Jirani yetu alifika hospitali siku ya pili. Kwenye mashine, msuli wa kulia haukuitika hata sauti ilipopigwa kupitia sikio la kushoto; wa kushoto uliitika kwa sauti kutoka pande zote mbili. Wiki ya tatu sahani zikaacha kumuumiza. Siku chache baadaye kona ya mdomo ikaanza kuitika. Siku hizi anacheka uso mzima, na jini halijulikani lilikoelekea.

Sikio linalotoa usaha si la mchezo

Kitu kingine nilichokikuta kliniki, tena mara nyingi kuliko vyote, ni masikio yanayotoa usaha. Wengi wa wenye nayo wamekaa nayo tangu utotoni. Wamewekewa mafuta ya kupikia, maji ya majani, hata maziwa ya mama. Wamezoea, wanaweka pamba na kwenda lekcha.

Sasa kumbuka ile ramani. Chumba cha sikio la kati ni kidogo sana, na ndani yake mna mifupa mitatu, misuli miwili na neva ya uso ukutani. Usaha wa miaka unakula. Mara nyingi huanza na mguu mrefu wa fuawe, mnyororo unakatika na sauti haipiti tena. Wakati mwingine ngozi inaingia nyuma ya ngoma na kujikusanya kama uvimbe unaotafuna mfupa, unaitwa kolesteatoma. Ukitafuna mpaka kwenye mfereji wa neva, uso unapooza, na hapo hatuzungumzii tena vidonge vya wiki moja, tunazungumzia upasuaji. Ukitafuna kuelekea juu, njia ni ya kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo mwenzako akisema "hili sikio langu limezoea kutoa maji", mwambie sikio halizoei. Alikaushe, asiingize kitu, aende akaonwe.

Mlinzi ana mipaka yake

Tumefika kwenye linalotuhusu karibu wote. Mtu anaweza kusema: kama nina breki sikioni, si niongeze sauti tu, breki itafanya kazi? Haiendi hivyo. Mlinzi huyu ana udhaifu wa aina tatu.

Kwanza, anachelewa. Sauti iwe kubwa namna gani, amri inahitaji kama milisekunde 25 kwenda na kurudi, na kwa sauti isiyo kubwa sana inafika 150. Wale tuliopitia jeshi kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita tunaujua mlio wa bunduki kwenye kulenga shabaha. Mlio ule hupita desibeli 140, na kilele chake kimeshafika na kuondoka kabla msuli haujapata habari. Fataki ya mwaka mpya ikilipuka karibu na kichwa, ni hivyohivyo. Breki iliyokanyagwa baada ya ajali haina kazi.

Pili, anachoka. Msuli unakaza, unashikilia, halafu unalegea taratibu. Ukisimama mbele ya ukuta wa spika kwenye singeli kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, mlinzi wako hakeshi na wewe.

Tatu, analinda lango moja. Anapunguza zaidi sauti nzito, zile za chini ya hezi 1,000 hivi. Katika mazingira ya kawaida huo ni msaada mkubwa: ngurumo inapunguzwa ili konsonanti nyembamba kama s, f na t zisikike. Lakini madhara ya kelele huanzia zaidi kwenye hezi 3,000 hadi 6,000, na huko stapediasi hana msaada mkubwa. Hivyo kelele inapitia mlango wa nyuma.

Na kuna jambo lililobadilisha mawazo ya watafiti wengi. Zamani tuliamini kwamba ukitoka kwenye kelele masikio yakivuma, kesho yake yakitulia, basi umepona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walichapisha utafiti wa panya waliowekwa kwenye kelele kwa saa mbili. Usikivu wao ulirudi kawaida baada ya wiki kadhaa. Seli zenye vinyweleo zilikuwepo zote. Lakini walipotazama viungio kati ya seli hizo na neva ya kusikia, sinapsi, katika sehemu ya koklea inayopokea sauti nyembamba karibu nusu zilikuwa zimepotea, na hazikurudi. Tafiti zilizofuata kwa panya wa namna hiyo zilionyesha kwamba refleksi ya misuli ya sikio la kati ilikuwa imedhoofika, hata pale kipimo cha kawaida kilipoonyesha hawana shida. Yaani msuli mdogo ulikuwa unajua kilichotokea kwenye neva wakati vipimo vingine vinasema mambo safi.

Kwa binadamu utafiti bado unaendelea, na panya si sisi. Ila mfikirie mwenzako anayesikia vizuri mkiwa wawili chumbani, lakini mkikaa kafeteria penye makelele anakodoa macho na kusema "eeh?" kila mara. Huenda hana dharau wala hajachoka. Huenda neva yake imepungua nyuzi za kutosha kiasi kwamba kwenye ukimya anatosha, kwenye zogo hatoshi.

Tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki na burudani za sauti kubwa. Shirika hilohilo linatoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukikumbuka: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ni salama, kila ukipanda desibeli 3, nusu ya muda inaondoka. Kwenye desibeli 90 umebakiwa na saa 4 kwa wiki nzima. Kwenye desibeli 100 ni dakika 20 hivi, basi. Shoo moja ya chuo inamaliza bajeti ya wiki kabla msanii mkubwa hajapanda jukwaani.

Sisemi watu wasiende kwenye shoo. Mimi mwenyewe naenda. Nasema haya: simama mbali na spika, na kila baada ya muda toka nje masikio yapumzike. Vizibo vya sponji vinauzwa bei ndogo kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Hedifoni zisizidi asilimia 60 ya sauti ya simu. Kama huwezi kumsikia anayekuita kutoka hatua moja, umezidisha. Ndani ya daladala usishindane na injini, maana utakayeumia ni wewe. Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina la kufanya: kwenye kila shoo iwekwe kamba ya kuzuia watu wasisogelee spika, na anayepanga muziki aambiwe kiwango mapema. Gharama yake ni kamba na mtu wa kuisimamia.

Halafu shika dalili hizi. Uso kwenda upande, hasa pamoja na sauti kuumiza sikio la upande huo: hospitali siku hiyohiyo. Sikio moja kuziba au kupoteza usikivu ghafla bila sababu: hiyo pia ni dharura, na siku chache za mwanzo ndizo zenye matumaini. Sikio kutoa usaha zaidi ya wiki mbili: usilizoee. Mlio sikioni usioisha baada ya kelele, au kushindwa kufuata maongezi penye watu wengi: nenda kapimwe. Na kama unasikia ndani ya sikio kitu kinagonga tik-tik-tik kama saa bila saa yenyewe kuwepo, usiogope kusema. Mara nyingine ni misuli hii miwili inayotetemeka yenyewe, na ina tiba.

Mwisho, wapo kati yetu wanaosoma hapa chuoni na usikivu uliopungua, na wengi hawasemi kwa kuogopa kuitwa majina. Mpishe akae mbele. Ukimsemesha, mtazame. Akisema "rudia", rudia, usimwambie "achana nayo". Vinywele vya koklea vikifa havioti tena, na hakuna anayejua nani kati yetu atakuwa babu wa kesho. Lakini kumrudia mtu sentensi moja hakuhitaji mashine wala bumu.